Dawa Kabla ya Misa

Mama alipoacha shamba lake upande wa Beni, kwa kuwa njia ya kwenda huko haikupitika tena kwa amani, alikuja kuishi nami Butembo akiwa na mifuko miwili na magoti yaliyovimba. Kati ya yote aliyoyazoea kule, misa ya asubuhi ndiyo peke yake aliyoipata tena hapa. Kila siku alishuka kilima chetu kwa miguu, akapanda kingine, akapiga magoti juu ya saruji baridi. Pikipiki aliikataa. Misa inayofikiwa kwa kukaa, alisema, ni ya wagonjwa.

Mimi ndiye niliyemletea diclofenac. Katika duka la dawa lililo jirani na shule ninakofundisha, muuzaji alikata vidonge kumi kwa mkasi, akavifunga katika karatasi. Sikuuliza kitu, naye hakusema kitu. Nilidhani kutuliza maumivu ni jambo dogo lisilohitaji elimu.

Ilimfaa mno. Juma halikuisha kabla hajaanza kushuka ngazi zetu bila kushika ukuta, nami nikarudi kununua nyingine. Ila Mama alishika mfungo wa zamani: kutokula chochote tangu usiku wa manane hadi apokee komunyo. Nilimweleza kwamba Kanisa lilikwisha kuupunguza hadi saa moja tu kabla ya komunyo. Alinitazama kama mtu anayeombwa kupunguza bei ya kitu asichouza.

« Na kinini? Nayo inavunja? » aliniuliza, akinionyesha kidonge.

« Hapana, mama. Dawa haiko chakula. Hata padri atakuambia vile. »

« Eeh! Leo njo naona masomo yako iko na faida. »

Tulicheka sote wawili. Na nilikuwa nimesema kweli. Sheria ndivyo ilivyo. Tangu hapo akawa anameza kidonge chake alfajiri kwa maji matupu, tumbo likiwa halijaona chakula tangu jioni. Hivyo miezi mitatu. Kidonge kilipoanza kuishiwa nguvu mapema, aliongeza kingine, chekundu, alichopewa na mama mwenzake wa jumuiya mwenye magoti kama yake. Hakuniambia hadi alipolazwa. Kwake zilikuwa dawa mbili tofauti, kwa kuwa rangi zilitofautiana. Kumbe chekundu kilikuwa ibuprofène, ndugu wa damu wa kile cha kwanza.

Alianguka jikoni kwangu, Jumamosi mchana, akichambua maharagwe. Baadaye alikiri kwamba choo chake kilikuwa cheusi kama lami kwa siku nne. Alidhani ni kwa sababu ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo.

Hospitalini, muuguzi wa rika langu alitundika mfuko wa damu, kisha akageuka akiwa na vidonge vya Mama mkononi.

« Nani alimupatia hizi binini? »

« Ni mimi. »

« Na asubui, alikuwa anakula mbele ya kumeza? »

Nilimtajia misa na mfungo. Alinieleza polepole, kama anavyoelezwa mwanafunzi: dawa za ukoo ule hutuliza uvimbe, lakini hulivua tumbo kinga yake; kwa mzee, zikimezwa kila siku, tena mbili kwa pamoja, huweza kulitoboa, na hata chakula si ngao ya kutosha. Asiziguse tena. Paracetamol peke yake, kwa kipimo, wala asiongeze hata maumivu yakikawia kupungua. Aliyaandika yote kwa Kiswahili kwenye karatasi.

Mama alipona, kama kupona ni kubaki hai. Paracetamol humpunguzia maumivu, haimfikishi kanisani. Alhamisi huletewa komunyo nyumbani, anaipokea akiwa amekaa, macho chini.

Kila asubuhi nampa uji, halafu vidonge vyake, nikimsomea ile karatasi. Anasikiliza hadi mwisho, kwa adabu. Kisha anaviweka kwenye kisahani, anangoja jirani yetu, mshonaji aliyeishia darasa la sita, apite na ndoo yake ya maji.

« Mama, kuja unisomee hii, » anamwita.

« Mais, mama, si mutoto wako njo mwalimu? »

« Wewe soma tu. »

Jirani anasoma kwa shida, kidole kikifuata mistari, neno baada ya neno. Ni maneno yale yale. Mama anaitikia kwa kichwa, anameza vidonge vyake. Mimi naosha bakuli la uji.