Fremu ya Korongo

Harusi zilikuwa zimenichosha. Miaka mingi nimepiga picha za maharusi Meru mjini, na hakuna anayesimama unavyomwambia. Nikasema afadhali ndege, hawaombi kupunguzwa tumbo. Nilitaka picha moja tu: korongo wenye taji wakicheza, mabawa wazi, miguu hewani.

Mama mmoja wa Ruiri ana shamba linalopakana na kinamasi. Aliniruhusu nikae humo asubuhi na mapema, akanipa hata kigoda. Baadaye ndipo nilipoelewa ukarimu ule: mahindi yake yalikuwa yamechipuka juzi tu, na mtu akionekana shambani ndege hawatui.

Lakini mimi sikuja kuonekana. Nilijifunika gunia, nikatulia kama kisiki. Wakaja sita, mataji ya dhahabu, mashavu meupe, ngozi nyekundu kooni. Hawakucheza. Walifuata mstari baada ya mstari, waking'oa miche na kula mbegu iliyo chini, nami nikibonyeza tu, moyo ukinidunda kwa furaha. Nilijua wanachokula. Siwezi kusema sikujua.

Kana kwamba hilo halitoshi, picha iliyo bora niliichapisha kubwa, nikaitia fremu, nikampelekea mama zawadi. Aliitazama kwa muda mrefu, akanishukuru. Kesho yake nikaitwa kwa naibu wa chifu, nikakuta fremu yangu imeegemezwa ukutani.

Mama aliweka kidole kwenye kioo, penye mdomo wa ndege. "Hii mahindi ni yangu. Ona, iko hata na mizizi. Na huyu kijana alikuwa hapo, akaona, akanyamaza."

Naibu akaniuliza nilikuwa nafanya nini muda huo wote. Nikasema nilikuwa nangoja wacheze. Akaanza kuliandika jibu hilo, kisha akalikata. Aliamua nipande upya na nilinde mpaka mahindi yafike magotini, nikiwa na debe na kijiti cha kuligonga kufukuza ndege. Kamera ibaki nyumbani.

Siku ya nane miche ilikuwa imetokeza, na wale sita wakarudi. Mmoja akainama, akaruka. Mwingine akafungua mabawa. Mara wote wakawa wanazungukana na kurukaruka juu ya mistari yangu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anakula.

Mama alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba, mikono kiunoni. Machozi yalinitoka, sitaficha. Nikainua kijiti, nikaligonga debe.