Neno Pembeni ya Jina Langu

Siku tatu sikupata usingizi kwa swali moja: karani alikosea, au mjomba alikusudia?

Kwetu Kindu, kila askari mwenye sare aliitwa soda, basi. Mimi niliyetoka shule na diploma na woga mwingi nilijua kila kundi lina jina lake: para huruka na parachuti, marini yuko majini, aviateri yuko kwenye ndege, jandarme husimama barabarani akidai vitambulisho. Nilitaka kuwa aviateri, nijifunze injini za ndege. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa jandarme, na nilikuwa nimeona wanawake wa soko wakifunika mihogo yao akipita.

Yeye ndiye aliyeniletea fomu ya kujiunga na jeshi. Nilipofika penye nafasi ya kuandika kundi, penye neno aviateri, nilisita. Je, huandikwa kwa herufi kubwa? Nikikosea, watanikataa?

"Acha wazi, mwipwa," alisema. "Nitajaza mimi."

Nikaacha wazi, nikampa pamoja na diploma yangu. Alikuwa na fomu ya mwanawe pia, ambaye hakumaliza shule.

Orodha ilipobandikwa, pembeni ya jina langu paliandikwa jandarme. Pembeni ya jina la mwanawe, aviateri.

Siku ya nne nilimkuta kwetu mchana, anakula sombe, majani ya mihogo aliyopika mama.

"Mujomba, waliniandika jandarme."

"Na ulitaka nini? Yote njo soda, yote ni moja."

"Na mutoto yako? Yeye njo soda gani?"

Alilamba kidole. "Nafasi ya aviateri ilikuwa moja tu, na yeye hana diploma. Wewe na akili yako utapanda popote. Yeye nisipomusukuma, nani atamusukuma?"

Nilimgeukia mama, nikidhani atashangaa. Alikuwa anampakulia kaka yake sombe nyingine, wala hakuinua macho. Nikaelewa kwamba alijua tangu siku ya fomu.

Kesho yake asubuhi nilikwenda ofisini. 

"Sitwayeni, hii jina njo yako?" karani aliuliza, akiniita raia kwa Kifaransa.

"Jina njo langu. Ile neno ya pembeni, hapana. Naomba diploma yangu."

Alinitazama kama anayetazama mgonjwa, kisha akaitoa kwenye faili.

Jumatatu, lori la vijana lilipoondoka, sikwenda kulitazama. Nilikuwa njiani kwenda Kailo, diploma kifuani ndani ya shati, kuomba darasa la kufundisha hesabu. Mama sikumuaga.