Picha ya Siku ya Mama

Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la madera na vitenge Kariakoo, ghorofa ya kwanza, juu ya maduka ya vyombo. Kazi yangu ilikuwa ukurasa wa duka mtandaoni: kupiga picha, kuandika maneno ya chini ya picha, kujibu wateja wanaouliza bei wakati bei imeandikwa. Kila mwisho wa mwezi nilikaa na bosi kupanga mwezi unaofuata. Ramadhani tutasema nini, Idi tutashusha bei ya kitu gani, Pasaka tutavalisha rangi ipi, shule zikifungwa tufanyeje. Niliipenda kazi hiyo. Nalisema hilo mapema, kwa sababu ninayosimulia yananitia hasira mpaka leo na sitaki mtu adhani nilikuwa natafuta sababu ya kuondoka.

Bosi alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Kilimanjaro, aliyeanza biashara kwa kutembeza vitenge begani barabarani hapo hapo chini ya duka. Sote tulimwita Mama. Hakuwa mtu wa kelele. Mteja wa jumla akifika kutoka mkoani alipewa kiti, maji, na swali kuhusu watoto wake mmoja mmoja, na hakukosea jina hata moja.

"Mwezi wa tano una nini?" aliniuliza siku tuliyokaa kupanga, huku akikata nyuzi zilizoning'inia kwenye pindo la dera.

"Mei Mosi, Mama. Halafu Siku ya Mama."

"Siku ya Mama ndiyo yetu. Mei Mosi weka chochote."

Nikamwambia wateja wamechoka na picha za kuokota mtandaoni, wanawake wa Ulaya wameshika maua. Tumtafute mama wa hapa hapa, avae nguo yetu. Bosi akageuza shingo kuelekea chumba cha mafundi.

"Yule," akasema.

Yule alikuwa fundi wetu hodari kuliko wote, dada aliyekuja Dar kutoka Newala, mumewe akibeba mizigo bandarini. Mimba yake ilikuwa imeshakuwa kubwa kiasi kwamba alikaa upande upande kwenye cherehani ili tumbo lipate nafasi. Nilipomwambia habari ya picha alicheka, akajifunika uso na kitambaa alichokuwa anashona, kisha akatoka nje kumpigia mumewe simu. Akarudi amekubali.

"Ila na mimi unitumie hiyo picha," aliniambia. "Mwanangu akikua aone alipokuwa."

Nilimpiga picha asubuhi, jua likiingia kwa dirisha la mafundi. Alivaa dera la bluu alilolishona mwenyewe, mkono mmoja kwenye cherehani, mwingine juu ya tumbo. Nimepiga picha nyingi tangu hapo na bado sijapata iliyo nzuri kama ile. Bosi alipoiona akasema, "Hii itauza." Chini yake niliandika: Anaishonea kesho yake. Heri ya Siku ya Mama kutoka kwetu sote.

Mei Mosi tulifungua duka kama kawaida, kwa sababu wateja wa mikoani walikuwa wameshaingia mjini. Nilirusha picha ya mikono ya mafundi na maneno ya kuwashukuru. Mafundi waliiona kwenye simu zao wakiwa kwenye cherehani. Mmoja akauliza kwa nini, kama siku ni yao, wako kazini.

Siku chache baadaye dada wa Newala alimfuata bosi kaunta kumwomba likizo ya uzazi. Mimi nilikuwa pembeni napiga picha vitenge vipya, nikasikia yote. Bosi alimshika bega. "Nenda mwanangu, ukajifungue salama," akamwambia. Maneno mazuri kabisa. Kesho yake nilipofika nikakuta mwanamke mwingine amekaa kwenye cherehani ile, anarekebisha kiti.

Nikadhani ni wa kushikilia nafasi. Nikamuuliza bosi.

"Huyu ndiye fundi sasa," alisema.

"Na yule akirudi?"

"Akirudi wapi? Nimempumzisha. Mteja wa Lubumbashi anachukua mzigo mwisho wa mwezi. Nimwambie asubiri, fundi wangu ananyonyesha?"

"Likizo ya uzazi ni haki yake, Mama. Iko kwenye sheria."

Bosi akaweka mkasi mezani. Hakupandisha sauti. "Mtoto wangu wa mwisho nilimzaa, na kidonda hakijapona nikarudi barabarani pale chini, mtoto mgongoni, vitenge begani. Nani alinipa likizo?"

"Hakuna."

"Basi."

Hilo neno ndilo lililonipandisha hasira. Kama angesema biashara ni ngumu, ningemwelewa hata kama nisingekubaliana naye. Lakini alikuwa anajua. Alijua maumivu yale kuliko mimi ambaye sijawahi kuzaa, na badala ya kusema mwanamke mwingine asipite nilipopita, aliyageuza kuwa sababu.

"Na picha?" nikamuuliza.

"Itaenda Jumapili, kama tulivyopanga."

Nikashuka ngazi mpaka nje, nikasimama kati ya mikokoteni na wauza soksi, nikampigia simu dada. Alikuwa ameshajua. Asubuhi ile alikuwa ametumiwa ujumbe kwamba asihangaike kuja.

"Wamekwambia utarudi lini?" nikamuuliza.

"Nimeambiwa nikishapona nipige simu, tutaona. Dada, ile picha yangu naomba isitoke."

"Haitatoka," nikasema.

Nilirudi juu nikamwambia bosi kwamba mwenye picha amekataa. Akasema alishakubali. Nikamwambia alikubali akiwa mfanyakazi wake. Akasema nguo ni ya duka, kamera ni ya duka, na mimi pia, kwa saa hizo, ni wa duka. Nikaitoa picha kwenye orodha ya kurushwa Jumapili na mahali pake nikaweka ya vitenge vitupu. Nilidhani yameisha.

Jumapili nilikuwa Ilala kwa msusi, kichwa nusu kimesukwa, nikafungua simu. Picha ilikuwepo. Bosi alikuwa ameirusha mwenyewe, na chini yake yalikuwa maneno yangu, neno kwa neno. Watu walikuwa wameshajaa. Mioyo, maua, Mungu ambariki, hongera mama kijacho. Mmoja aliandika kwamba hili ndilo duka linalothamini wanawake, na bosi akamjibu kwa alama ya mikono iliyokunjwa. Wengine walikuwa wanauliza lile dera la bluu lipo la saizi gani.

Simu ikalia mkononi. Alikuwa dada.

"Umeiona?"

"Naiona sasa hivi."

"Majirani wanakuja kunipongeza," alisema. Hakuwa analia. Afadhali angelia. "Mama mwenye nyumba amenionesha kwenye simu yake. Ananiambia nina bahati, bosi wangu ananipenda. Nimwambie nini?"

Nikaingia kwenye ukurasa, nikaifuta ile picha na komenti zake zote. Msusi aliniambia nitulize kichwa. Kabla hajamaliza msuko uliofuata bosi alipiga simu. Sikupokea. Nilipojaribu tena kuingia kwenye ukurasa, neno la siri lilikuwa limebadilishwa.

Jumatatu nilikwenda dukani nikijua kazi sina. Nilitaka anifukuze usoni. Nilimkuta anahudumia wateja wawili wa jumla, akanionesha kwa kidevu nikae nisubiri. Nikakaa. Nikiwa pale, dada wa Newala akatokea mlangoni, amevaa dera lile la bluu, anapumua kwa shida kwa sababu ya ngazi.

"Shikamoo, Mama," akasema.

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Mbona umepanda ngazi na hali hiyo?"

"Nimefuata mkasi wangu."

Fundi wa kweli hana mkasi wa duka, ana wake. Yule mwanamke mpya alikuwa anautumia. Aliusimamisha katikati ya kitambaa, akautoa, akaukabidhi bila kumtazama usoni. Dada akaufunga kwenye mtandio. Nilidhani ataondoka. Akageuka kaunta.

"Mama, mwanao alipojifungua mwaka jana alikaa nyumbani miezi mingapi?"

Wateja waliacha kupima kitambaa.

"Madera yake ya uzazi nilimshonea mimi," dada akaendelea, sauti ya kawaida kabisa. "Ulisema yawe mapana, yafunguke mbele, anyonyeshe bila shida. Kila mchana ulikuwa unatoka hapa na hotpoti ya mtori wa ndizi unampelekea. Ulikuwa unatuambia mzazi asishike hata kikombe kizito. Sisi tulifurahi na wewe."

"Yule ni mwanangu," bosi akasema.

"Na mimi sasa hivi umeniita nani?"

Bosi aliokota futikamba, akaanza kuikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Kwa muda mfupi niliona uso wake unalegea, nikafikiri atasema neno la maana. Akasema, "Usinifanyie fujo mbele ya wateja."

Nikainuka. Niliyosema pale sikuyapanga wala hayakuwa na adabu. Nilimwambia amemnyang'anya mtu kazi, kisha akachukua na tumbo lake kuuzia nguo. Nilimwambia hayo ndiyo maneno aliyopaswa kuyaandika chini ya picha. Mteja mmoja akasema jamani, heshimuni wakubwa. Nikamwambia na yeye anyamaze. Nikamshika dada mkono, tukashuka ngazi taratibu, hatua moja moja, yeye akiegemea ukuta.

Alijifungua mtoto wa kike kabla mwezi haujaisha. Alipopata nguvu alilipeleka shauri kwa wasuluhishi wa mambo ya kazi, nami nikaenda kueleza nilichokiona na nilichokisikia. Bosi alikuja amevaa nguo ya kanisani. Alipoulizwa kama alimwachisha kazi kwa ajili ya mimba, alirudia kwamba alimpumzisha, na aliyekuwa anaandika akamwomba aeleze tofauti. Hakuweza. Mwisho alikubali kumrudisha. Dada ndiye aliyekataa.

"Nitakaa vipi kwenye kile kiti, nikimwona kila siku?" aliniambia tulipotoka. Sasa ana cherehani yake Mchikichini, anapunguza na kupanua nguo za mitumba, mtoto akilala nyuma yake kwenye rundo la suruali. Ana wateja wengi kuliko anavyoweza kuwashonea. Nilipompelekea ile picha, imesafishwa vizuri, aliitazama kidogo tu, akaniambia nikae nayo kwanza.

Mimi niliendelea na kazi hiyo hiyo kwa watu wengine, muuza viungo na muuza viatu. Bado napanga miezi ya watu. Kitu kimoja sikifanyi: siandiki neno la shukrani kwa wafanyakazi wa mtu kabla sijawauliza wenyewe, na wapo walioacha kunipa kazi kwa sababu hiyo.

Bosi nilikutana naye juzi, karibu na maduka ya vitambaa. Alikuwa anasimamia majora yanayoshushwa kwenye mkokoteni. Alinitazama kama vile hatujawahi kugombana.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Umepungua. Hivi humjui mtu mzuri wa kunishikia ule ukurasa? Niliyenaye hajui kuandika."

Nikamwambia simjui, nikapita. Ile shikamoo ilinitoka yenyewe, kabla sijafikiri, na mpaka nafika nyumbani nilikuwa bado nimekasirika kwamba nilimpa.