Mzee Thamer Aliita Mara Mbili

Wenzake Justus Mwendwa hulinda maduka yenye viyoyozi mjini Dubai. Yeye bahati ilimtupa huko Hatta, milimani, kwenye kijiji kidogo kinachopakana na shamba la kale la mitende. Ndani ya shamba mna jumba la mawe ambalo wanakijiji hawalipiti bila kusoma dua, wakisema lina majini, na Justus aliwaamini upesi kuliko inavyomfaa mlinzi.

Mwenye shamba, Mzee Thamer, aliyeishi humo jumbani, alizaliwa Unguja. Kila asubuhi walikunywa chai pamoja getini.

"We Mkamba, Kiswahili chako mbona kina mifupa hivi?" mzee humtania.

"Tunatafuna tu hivyo hivyo, mzee!"

Justus alimpenda kama baba yake, tusifichane.

Sasa, kwao Kitui Justus alifunzwa na nyanyake kwamba ukisikia jina lako na humwoni anayekuita, usiitike mpaka mara ya tatu. Wafu huita mara mbili tu. Kanisani hakosi kwenda, lakini hofu ile haikumtoka.

Siku moja ya Agosti mzee alimuaga, akaondoka na gari kwenda mjini. Adhuhuri, jumba likiwa tupu, sauti ikatoka ndani.

"Justus!"

Akageukia jumba. Hakuona mtu.

"Justus!"

Akangoja ya tatu. Haikuja. Akamshukuru Mungu, akaenda kula.

Kumbe mzee alikuwa amerudi kuchukua dawa zake, akaingilia mlango wa nyuma. Alasiri mtunza mitende alimkuta chini ya ngazi, amekwisha kukata roho.

Baada ya matanga, binti wa mzee, Raghad, alimwita Justus barazani.

"Nambie kweli. Baba kamwita mtu?"

Angeweza kusema hapana, na nani angejua? Lakini tangu siku ile hakuwa amepata usingizi wa maana. Alimweleza yote, na la nyanyake pia, akingoja kufukuzwa kama mbwa.

Raghad hakufoka. Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Kakwita vipi? Hebu niigizie. Nataka niisikie sauti yake."

Justus akaibana sauti mpaka ikawa nyembamba, ya kizee. "Justus!" Akarudia. "Justus!"

Raghad alikuwa amefumba macho. "Tena, nakuomba."

Justus akafungua kinywa. Ya tatu hakuthubutu kuitoa.

"Naam, mzee," akaitika, akaangua kilio.