Nilienda mtihani wa udaktari na sijawahi kushika bureti

Wakuu, hamjambo. Mimi huwa nasoma nyuzi zenu kimya kimya, hata ku-like naogopa. Leo nimejikaza. Haya yote yalinipata, nimeyatoa kwenye diary yangu na kuondoa majina tu.

Nilisoma day school moja huko Kathiani. Lab tulikuwa nayo, msitudharau. Mahindi ya lunch yalikaa humo vizuri sana.

Physics niliacha form two. Mwalimu alihamishwa, somo likamfuata.

Chemistry tulikuwa na mwalimu mpole. Alichora bureti, ule mrija wa kupimia asidi, ubaoni kwa chaki, nasi tukaichora kwa daftari. Practical ilikuwa hivi: "Andikeni 24.5, 24.6, 24.5. Rangi, pinki." Tunaandika, tunapata tick. Sayansi ya kusikia.

Baada ya form four, chuo kimoja cha kibinafsi kikasema kitachukua hata sisi wa alama za kuokoteza, bora tupite mtihani wao wa kuingia udaktari.

Mama alitangaza kanisani kabla sijajaza fomu.

Kuanzia hapo nikawa "daktari". Jirani mmoja mzee alinisimamisha njiani akafunua goti. "Daktari, hii ni nini?" Nikamwambia anywe maji mengi. Akapona. Hapo ndipo mambo yaliharibika kabisa.

Miezi miwili nilishinda maktaba ya Machakos town nikisoma physics ya miaka miwili. Formula nilizishika kama katekisimu: sielewi, lakini naamini.

Siku ikafika. Karatasi ya kwanza nilibahatisha kwa heshima. Halafu wakatupeleka lab.

Wakuu, kumbe bureti ni ya kioo. Na iko na kakifungulio chini.

Sikushtuka. Niliinama, nikaandika 24.5, 24.6, 24.5, pinki. Dakika mbili nimemaliza. Nikawaonea huruma wenzangu waliokuwa bado wanamimina.

Msimamizi, mama mmoja wa miwani, akasimama nyuma yangu.

"Msichana, hii umepima na nini?"

Nikamwonyesha bureti.

"Bureti yako haina kitu."

"Mwalimu alisema inakuwanga 24.5."

"Inakuwanga," akarudia polepole, kama mtu anayeonja mboga isiyo na chumvi. "Kata hiyo yote. Jaza, uanze."

Nilimwaga nusu kwa meza. Jirani yangu wa meza akasogeza karatasi yake. Muda uliisha nikiwa na reading moja tu: 18.2. Niliitazama ile bureti kwa hasira. Nilijua imekosea.

Baada ya wiki mbili message ikaja. Sikupita, naweza kujaribu tena mwaka ujao.

Nilimpata mama akichambua maharagwe.

"Mwaitu, sikupita."

Hakuinua kichwa. "Physics?"

"Physics, na practical. Niliandika majibu kabla ya kupima."

Akachambua, akachambua. "Mimi niliwatangazia la kwanza kule kanisani. La pili ni lako."

Na mimi ni yule mtu ambaye hata sala ya kufunga ibada hajawahi kuombwa aongoze.

Jumapili nilisimama. Nilisema sikupita na nikasema kwa nini, sauti ikitoka kama ya mbuzi mgonjwa. Akina mama wakaniombea palepale, kwa urefu, wakimtajia Mungu bureti kana kwamba ni pepo.

Sasa kila Jumamosi naenda shule moja ya town. Mtu wa lab ananiruhusu kupima asidi nikimuoshea vyombo. Nimevunja pipeti mbili. Bado ananisalimia.

Nilichojifunza: ukipewa jibu kabla ya kazi, mtihani wako haujaanza, na siku utakapoanza kutakuwa na mtu nyuma yako.

Mliosoma lab ya chaki kama mimi, jitokezeni, mlitokaje? Na wewe unayetaka kuniambia nijaribu kozi ya kuoka keki, shangazi zangu wote wameshasema, panga foleni.