Mara Saba Kuuzunguka Mparachichi

Harufu ya mahindi ya kuchoma, yale ya kupakwa ndimu na pilipili, hunikosesha raha hadi leo. Tuliishi mtaa wa Satellite, mimi nikiwa na miaka kumi na mdogo wangu Baraka sita, na kwa mahindi hakuwa na mpinzani. Likizo ile ya Agosti akaanza kutafunia upande mmoja. Shavu la kushoto lilikuwa limefura. Nilipomwambia afungue kinywa, magego mawili yakacheza chini ya kidole changu. Magego, jamani, si meno ya mbele!

"Usiambie Mama," akanisihi. "Nitapelekwa kung'olewa."

Nilikubali upesi, wala si kwa huruma. Mama alifua nguo katika nyumba moja ya matajiri kule Kitisuru, na alikuwa ameahidi kutupeleka Jumamosi tukacheze kwenye bembea ya huko. Mtoto mgonjwa angeharibu safari. Mama alipoliona shavu alisema ni matubwitubwi, akafanya walivyofanya kwao Magharibi: Baraka akabebeshwa kuni kichwani, akauzunguka mparachichi wa mwenye ploti mara saba, ili uvimbe ubaki mtini. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kila siku Mama alitoka alfajiri na kurudi giza limeingia, kwa hiyo aliniuliza mimi, "Imepungua?" Nikasema imepungua kabisa. Jumamosi tukabembea.

Wiki tatu baadaye uvimbe ulikuwa umefika jichoni. Hospitalini daktari aliuliza meno yalilegea lini. Mama akanitazama.

"Juzi," nikasema.

Baraka alinikodolea jicho lililobaki wazi. Daktari akaandika. Akatueleza kwamba ni saratani ya taya, ya watoto, hukua haraka mno, lakini dawa huiweza ikiwahiwa. Krismasi haikumkuta Baraka.

Husemwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo kilinisitiri, na hiyo ndiyo aibu yangu. Mparachichi ulishakatwa, pakajengwa ghorofa. Binti yangu ana miaka sita, na akishika shavu tu namulika kinywa chake kwa simu, nagusa gego moja moja, nauliza, "Tangu lini? Sema ukweli." Juzi Mama alikuwa ameketi kando akitutazama.

"Mtii mama yako," akamwambia mjukuu wake. "Ndiye aliyemwangalia mjomba wako. Bila yeye hatungejua mapema."

Nikaendelea kumulika, ingawa nilikuwa nimeshaona hakuna kitu.