Mukwe Yangu Banamuita Muchukiwa

Mumepotea sana! Kila siku munapita hapa kuangalia harusi na ugomvi ya bantu, lakini kwetu Kolwezi hakuna mwenye anafika hata kupiga hodi. Haya, kaeni. Leo mutanisikia.

Mi niko na miaka sabini na kitu. Sikusoma; ninasema, mwenye page hii munasoma mu simu anaandika, na nimemukataza kuweka majina. Ninaishi na mukwe yangu, mujane ya mutoto yangu, pamoja na batoto yao. Mutoto yangu alibaki chini ya udongo, ndani ya shimo ya shaba. Njo maana, wakati majirani balianza kuchimba ndani ya lupango zao, palepale kwenye nyumba, hata mu jikoni, mukwe yangu alikataa.

Jirani yetu, mwenye shimo kubwa, alikuja na bia kumubembeleza.

"Mama, madini inapita chini yenu. Avenue yote imekubali. Ni weye tu unatufungia njia."

"Tata, inapita chini ya kitanda ya batoto. Ukichimba pale, batalala wapi? Juu ya kichwa yako?"

Akarudi na bia yake. Kisha neno ikatoka. Ilianza kama kicheko, kwa robine, pale tunachota maji. Mwanamuke moja akapaza sauti: "Muchukiwa anakuja, funikeni ndoo!" Nikamujibu yule mwanamuke: "Funika kwanza mudomo yako, inanuka kuliko ndoo!" Bantu balicheka, lakini neno ilibaki.

Banangu, musifikiri muchukiwa ni muchawi. Muchawi banamuogopa, banamupisha njia. Muchukiwa hakuna mwenye anamuogopa. Hata mwenye hamujue anamuchukia, juu bengine banamuchukia. Tulienda kilio ya mama moja ya avenue. Mukwe yangu alipika bukari na sombe, akapeleka mwenyewe. Sahani ilirudi vile ilitoka. Batoto ya njaa balikuwa pale, mama zao balibashika mikono.

Mi neno ile ninaijua tangu kambi ya batumishi ya mine ya shaba, kwenye baba alituleta kutoka Kasai. Kulikuwa na mutu moja balimuita hivyo. Nyumba yake iliungua mchana, barabara imejaa bantu, na hakuna hata moja mwenye aliona. Njo kazi ya neno ile. Banaitanguliza mbele, mambo yenyewe inafuata nyuma.

Sasa, juzi, jua iko juu, nilikuwa nachunga unga. Nikasikia chini ya miguu: ko, ko, ko. Maji ndani ya beseni ikatetemeka. Nikaenda kwa jirani na unga mikononi.

"Tata, munachimba chini yetu?"

"Aah, mama, ni panya."

"Panya ya kwenu inashika chuma?"

Bachimbaji yake balicheka. Yeye hakucheka. Alinisogelea, akasema polepole, na heshima yote: "Mama, nyumba ile ikianguka, nani atamulilia?"

Nilimwambia mukwe yangu: beba batoto, nenda Fungurume kwa dada yako. Akasema, "Mama, nikitoka leo, kesho hapa ni shimo. Tutarudi wapi? Na weye nitakuacha na nani?" Mukaidi kama punda, na ninamupenda kuliko mutoto nilimuzaa. Chefu ya avenue tulimufikia. Alisikiliza huku anaangalia mulango. Ile ko, ko ya chini ya udongo sasa imefika upande ya batoto banalala.

Munipe akili, bajukuu: nimuvute kwa nguvu tuende, ao tukae juu ya nyumba yenye iko inatobolewa?

Na siku mutafika kwetu, mukikuta kimya, musirudi kwenu. Mugonge kila mulango ya avenue, moja kwa moja, muulize kwa sauti kubwa: "Ule mama na batoto yake bako wapi?" Muulize huku munabaangalia mu macho.